Shilingi Mia kwa Mwezi: Jinsi Sheria ya Mtoto Ilivyobadilishwa



Kama una sarafu ya shilingi mia moja mfukoni, itoe. Iweke juu ya meza, wenzako darasani waione. Kama hakuna aliye nayo leo, si kitu. Kila mtu anaijua. Sasa jibuni pamoja: sarafu hii itanunua nini katika duka la hapa kijijini? Labda itanunua kiberiti. Kilo ya unga hainunui. Mche wa sabuni haununui. Daftari la mtoto halinunui.

Sasa fikiria mama mwenye mtoto mchanga. Baba wa mtoto hakumwoa mama huyu, na amekataa kumtunza mtoto. Mama anakwenda mahakamani. Hakimu anamsikiliza. Anawasikiliza na mashahidi. Anaridhika kwamba yule bwana ndiye baba. Kisha hakimu anafungua kitabu cha sheria, na sheria inamwambia hivi: baba atoe matunzo, lakini matunzo yasizidi shilingi mia moja kwa mwezi.

Matunzo ni fedha au vitu vya kumlea mtoto: chakula, nguo, dawa, na mahitaji ya shule.

Hii si hadithi ya kubuni. Ndivyo sheria ya Tanzania Bara ilivyosema juu ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na iliendelea kusema hivyo hadi mwaka 2009.

Chukua kalamu yako tupige hesabu. Shilingi 100 kwa mwezi, mara miezi 12, ni shilingi 1,200 kwa mwaka. Gawanya shilingi 100 kwa siku 30. Utapata shilingi 3 na senti kidogo kwa siku. Mwaka 2009 hakukuwa na duka lililouza kitu cha shilingi tatu.

Je, waliotunga sheria ile walikuwa wajinga? Hapana. Sheria yenyewe ilianza tangu enzi ya mkoloni. Waulize wazee wa kijiji chako. Wanakumbuka noti ya shilingi mia. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa noti kubwa kuliko zote Tanzania. Mtu mwenye noti hiyo hakuikunjua hadharani. Baadaye bei zikapanda, thamani ya shilingi ikashuka, na mia ikawa sarafu. Dukani kila kitu kilibadilika bei. Katika kitabu cha sheria, mia ilibaki ile ile.

Hakimu naye hakuwa na la kufanya. Huenda alimwonea huruma yule mama. Lakini hakimu hatungi sheria. Yeye hufuata iliyoandikwa. Mama angeweza kulia mahakamani mpaka jioni, na mia ingebaki mia. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo neno lile lingeweza kufutwa na jingine kuandikwa, nako ni Bungeni.

SHERIA INATOKA WAPI?

Watu wengi husema, "Serikali imeleta sheria." Ni kama vile sheria inashuka kama mvua. Sivyo. Sheria hupita njia ndefu, na katika njia hiyo yapo mahali ambapo mwananchi anaweza kusema.

Kwanza huandikwa muswada. Muswada ni sheria ambayo bado haijapitishwa. Miswada mingi huletwa na Serikali, lakini mbunge naye anaweza kuleta muswada wake. Muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kisha husomwa Bungeni mara ya kwanza. Siku hiyo hakuna majadiliano. Hupelekwa kwenye kamati ya wabunge wachache, nao huuchunguza neno kwa neno.

Hapo kwenye kamati pana maana kubwa kwako. Kamati huweza kuwaita wananchi na vyama vyao waje watoe maoni, au wayaandike na kuyapeleka Dodoma. Muswada ukisomwa mara ya pili, wabunge wote huujadili na huweza kuubadili. Husomwa mara ya tatu na kupitishwa. Bado haujawa sheria. Unakuwa sheria Rais akiutia sahihi.

Hapa niseme jambo moja ambalo mimi huniudhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliandikwa kwa Kiingereza. Yule mama wa shilingi mia, hata kama alijua kusoma, asingeweza kusoma muswada uliomhusu yeye na mtoto wake. Ilibidi angoje mtu amtafsirie. Mwaka 2021 sheria ya nchi ilibadilishwa, na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Wewe uliyeanza kusoma jana juzi huna tena sababu ya kuuogopa muswada kwa ajili ya lugha yake.

MIAKA KUMI NA MITANO

Sasa tutazame jinsi ile mia ilivyoondoka.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Kuridhia mkataba ni kukubali kufungwa nao. Lakini mkataba hauifuti sheria ya nchi. Ile mia ikabaki.

Ipo Tume ya Kurekebisha Sheria. Kazi yake ni kutazama sheria za zamani na kueleza zipi zimechakaa. Mwaka 1994 Tume hiyo ilitoa taarifa juu ya sheria za watoto. Ilionekana kwamba mambo ya mtoto yalikuwa yametawanyika katika sheria nyingi: moja juu ya matunzo, nyingine juu ya kuasili mtoto, nyingine juu ya makao ya watoto, nyingine juu ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, nyingine juu ya watoto walioshitakiwa. Mtu aliyetaka kumtetea mtoto alipaswa kufungua vitabu vingi.

Ungedhani sheria mpya ingekuja mwaka uliofuata. Haikuja. Mwaka 1996 Serikali ilitoa Sera ya Maendeleo ya Mtoto. Sera ni mpango na nia ya Serikali. Ni jambo jema, lakini hakimu hawezi kutoa hukumu kwa sera. Ile mia ikabaki.

Katika miaka hiyo yote wapo watu ambao hawakunyamaza. Walikuwamo wanasheria wanawake wa chama cha TAWLA. Hao walikuwa wakiwasaidia akina mama mahakamani, kwa hiyo walijua habari ya matunzo kwa kuiona. Walikuwamo waandishi wa habari, mashirika ya watoto, na viongozi wa dini. Watoto wenyewe pia walitoa maoni yao. Walikwenda kwa mawaziri na kwa wabunge. Mawaziri wakabadilishwa, wakaenda kwa wapya. Uchaguzi ukafanyika, wabunge wengine wakashindwa, wakaanza tena kueleza kwa walioshinda. Kazi ya namna hii huchosha kama kupalilia shamba lenye magugu: ukifika mwisho wa tuta, huku nyuma yameota tena.

Novemba 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka huo. Hesabu mwenyewe: kutoka 1994 mpaka 2009 ni miaka mingapi? Mtoto aliyezaliwa mwaka ile taarifa ya Tume ilipotoka alikuwa sasa na miaka 15. Kama baba yake alimkataa, utoto wake karibu wote ulipita chini ya sheria ya shilingi mia.

Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ilitunga Sheria ya Mtoto yake mwaka 2011.

MANENO YALIYOANDIKWA BADALA YA MIA

Soma sehemu hii polepole. Kama hukuielewa, irudie. Ndiyo kiini cha somo letu.

Wangeweza kufuta "shilingi mia" na kuandika "shilingi elfu hamsini". Mwaka 2009 hizo zilikuwa fedha za maana. Lakini baada ya miaka ishirini ingekuwaje? Tungekuwa tumerudi pale pale, tunaiweka noti mezani na kuulizana itanunua nini.

Sheria ya 2009 haikuandika kiasi chochote. Iliandika mambo ambayo mahakama ni lazima iyatazame. Itazame kipato na mali za wazazi wote wawili. Itazame kama mzazi ana watoto wengine wa kuwatunza. Itazame gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo fundi mwenye duka la vipuri mjini hataamriwa kiasi kile kile na mkulima wa mtama. Na bei zikipanda, sheria haichakai.

Sheria hiyo ilisema pia kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba mtoto asibaguliwe kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Aliyezaliwa ndani ya ndoa na aliyezaliwa nje, wote ni watoto mbele yake.

Basi siku utakapoulizwa sheria isemeje, usiharakishe kutaja kiasi cha fedha. Taja kipimo.

JAMBO LILILOACHWA NJE

Wanaotafuta sheria hawapati kila walichoomba. Sheria ya Mtoto ilisema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini pembeni yake ilisimama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hiyo iliruhusu mwanamume aoe akiwa na miaka 18, na msichana aolewe akiwa na miaka 15. Kwa ruhusa ya mahakama, hata miaka 14. Bunge la 2009 halikuubadili umri huo.

Baadhi ya watu wakaona wajaribu njia nyingine, njia ya mahakama. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, alifungua kesi na kusema kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba, kwa kuwa vinamtenga mtoto wa kike. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa hiyo. Hata hivyo, mahakama husema tu kwamba kifungu ni kibovu. Kukiandika upya ni kazi ya Bunge. Kwa hiyo waliokuwa wameshinda kesi walibeba tena karatasi zao wakarudi kwa wabunge.

SHERIA IPO, AFISA HAYUPO

Sasa tuje hapa kijijini.

Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinasema kwamba serikali za mitaa, yaani pamoja na halmashauri ya wilaya yako, zina wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Zinatakiwa ziweke daftari la watoto walio katika mazingira hatarishi, na kuwasaidia kadiri inavyowezekana. Kifungu cha 95 kinakugusa wewe mwenyewe. Kinasema mtu yeyote katika jamii akijua kwamba haki ya mtoto inavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, malazi, nguo, matibabu au elimu, ni wajibu wake kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake.

Vizuri. Umetoa taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Naye anampigia simu Afisa Ustawi wa Jamii. Huyu ndiye mtumishi mwenye ujuzi wa mambo haya: huchunguza nyumbani kwa mtoto, huwapatanisha wazazi, huandika taarifa kwa ajili ya mahakama. Lakini katika vijiji vingi jibu ni kwamba afisa yuko wilayani, ana kata nyingi, na pikipiki haina mafuta. Wiki mbili zinapita. Mtoto yule yule analala kwenye nyumba ile ile.

Hapa watu hukata tamaa na kusema sheria ni maneno matupu. Mimi sikubali. Sheria isiyo na fedha ni kama jembe lisilo na mpini. Hutupi jembe. Unatafuta mpini.

Mpini huo ni bajeti. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Halmashauri ya wilaya hupanga yake miezi kadhaa kabla ya hapo. Mtu anayepeleka ombi mwezi Julai amechelewa kama anayepanda mahindi mvua zikiisha. Wapeni viongozi maneno yenu mapema, mavuno ya mwaka huu yakiwa bado ghalani.

Mahali pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, mwanamke na mwanamume. Mkikubaliana, jambo liandikwe kwenye muhtasari. Lisipoandikwa, wilayani ni kama halikusemwa. Kutoka hapo hupelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha diwani hulipeleka kwenye baraza la madiwani. Kwa mbunge mnaweza kuandika moja kwa moja.

Neno la tahadhari. Mtoto akipigwa, akiumizwa au akinajisiwa, usingoje mkutano. Toa taarifa siku hiyo hiyo: polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au piga simu namba 116, ambayo ni ya bure. Barua ni ya kutafuta huduma kwa watoto wote. Si ya kumwokoa mtoto mmoja usiku wa leo.

BARUA MBILI

Soma barua hii ya kwanza:

"Mheshimiwa Mbunge, watoto wetu wanateseka sana. Tunaomba Serikali iwasaidie. Ahsante."

Ni barua ya kweli na ya uchungu. Lakini mbunge atafanya nini nayo? Watoto wangapi? Wanateseka kwa nini? Serikali ipi, ya kijiji, ya wilaya au ya nchi? Atasikitika, ataikunja, ataiweka.

Sasa soma hii ya pili. Hesabu zilizomo ni za mfano tu. Ninyi mtaandika zenu.

Kijiji cha ......................
S.L.P. ......................
Tarehe ......................

Mheshimiwa Mbunge,
Jimbo la ......................

KUH: AFISA USTAWI WA JAMII KATIKA KATA YETU

Mheshimiwa,

Sisi wananchi wa kijiji cha ............ tulikutana katika mkutano mkuu tarehe ............ Tulihudhuria watu 146.

Katika mwaka uliopita zilifika ofisi ya kijiji taarifa 19 za watoto kunyimwa matunzo au kutendewa vibaya. Afisa Ustawi wa Jamii aliweza kufika mara 2. Anahudumia kata 11 na hana usafiri. Kutoka hapa hadi ofisini kwake ni kilomita 48, na nauli ya kwenda na kurudi inamshinda mama mwenye shida.

Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, uulize Bungeni ni lini kata yetu itapata Afisa Ustawi wa Jamii. Pili, sheria ya mtoto itakapoletwa tena Bungeni kurekebishwa, uunge mkono iandikwe wazi kwamba kila kata iwe na afisa huyo na kwamba Serikali itenge fedha za kazi yake.

Tumemchagua mwenyekiti wa darasa letu la kisomo kufuatilia. Tutashukuru kupata jibu lako kabla ya mkutano wetu ujao, tarehe ............

Wako,
Mwenyekiti wa Kijiji
Nakala: Diwani wa Kata, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri

Angalia mambo machache katika barua hii. Majina ya watoto hayamo. Hata jina la mama halimo. Barua hupita mikono mingi, na mtoto aliyekwisha umia asitangazwe tena. Zimeandikwa hesabu tu. Hesabu hizo zimetoka katika daftari la ofisi ya kijiji, si katika maneno ya kilabuni. Angalia pia kwamba barua haimtukani mtu. Yule afisa hakusemwa kuwa ni mvivu. Imeelezwa kwamba ana kata 11 na hana usafiri. Huenda yeye mwenyewe akafurahi kuiona barua hii, kwa maana inamwombea.

Tena mwisho ina tarehe. Barua isiyo na tarehe ya kutegemea jibu haina anayeiharakisha.

Mbunge asipojibu, andikeni ya pili, mtaje tarehe ya ile ya kwanza. Wekeni nakala zote pamoja katika faili moja, nalo likae ofisini, si nyumbani kwa mtu. Mwenyekiti hubadilika. Walimu wa kisomo huhamishwa. Faili likibaki, atakayekuja ataanzia pale mlipoishia, hataanza upya.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini hakimu hakuweza kuamuru matunzo ya zaidi ya shilingi 100?

2. Mkataba uliridhiwa mwaka 1991, na sera ikatolewa mwaka 1996. Kwa nini mambo hayo mawili hayakutosha kumsaidia mama mahakamani?

3. Mwenzenu anasema, "Ingeandikwa shilingi laki moja, mambo yangekwisha." Mtamjibu nini?

4. Je, ofisi ya kijiji chenu ina daftari la watoto walio katika mazingira hatarishi? Chagueni watu wawili waende wakaulize, na walete jibu kipindi kijacho.

5. Afisa Ustawi wa Jamii wa kwenu anakaa wapi? Ni kilomita ngapi kutoka hapa? Nauli ni shilingi ngapi? Andikeni majibu ubaoni.

ZOEZI LA KUANDIKA

Jigaweni makundi ya watu wanne wanne. Kila kundi liandike barua kwa diwani juu ya jambo moja linalowahusu watoto wa kijiji hiki. Barua isizidi mistari ishirini. Iwe na hesabu tatu zilizopatikana kweli, ombi moja, na tarehe. Kundi moja lisome barua yake kwa sauti, na makundi mengine yamwigize diwani: yaulize kila swali ambalo diwani angeuliza. Mahali ambapo kundi litashindwa kujibu, rudini kwenye daftari mtafute hesabu inayokosekana, kisha mwandike upya.